Ile Ladha ya Kahawa ya Nyeri Haikuanguka Kutoka Mbinguni

Wasee, ingia mkahawa wowote wa Kilimani ama Westlands, ile ya kikombe kimoja mia nne, usome ubao. Utaona "Nyeri AA" ama "Kirinyaga AA", halafu chini yake wameandika ladha: balungi, nyanya, na hiyo moja ambayo haikosi, blackcurrant. Sasa niambie, wewe umewahi kuona blackcurrant ikiwa tunda kwa mti? Mimi sijawahi. Sisi tunaijua kama Fanta. Kwa hivyo kahawa imetoka shamba la cucu wa mtu huko Mathira, imepewa ladha ya tunda la Uingereza, na sisi tunaielewa kupitia soda. Manze.

Ukimuuliza barista mbona kahawa ya Nyeri iko hivyo, atakuambia udongo wa volkano, Mlima Kenya, baridi. Si uongo. Lakini udongo haujawahi kuzaa kahawa peke yake. Kuna mti hapo katikati, na huo mti una jina halina ushairi hata kidogo: SL28. Linasikika kama namba ya mathree. Na msimamo wangu kwa hii post ni kwamba hiyo ladha tunayojivunia mbele ya wageni ilitengenezwa na maamuzi ya watu, mengine ya akili sana na mengine ya ukatili mtupu, na kuna uamuzi mwingine unaendelea kufanywa sahii kwa mashamba ya nyanya na babu zetu. Tufuate mti wenyewe.

Kahawa ya arabika kwao ni misitu ya kusini magharibi mwa Ethiopia. Ethiopia tunapakana nayo, unavuka Moyale kwa miguu. Ungefikiria kahawa ilitufikia kwa hiyo njia. Wapi! Ilizunguka dunia kwanza. Ilivuka bahari hadi Yemen, na Wayemeni ndio walioifanya kuwa zao la biashara. Kutoka Yemen, koo mbili kubwa zikatawanyika. Moja ilipitia India na Java mikononi mwa Waholanzi, nayo inaitwa Typica. Nyingine Wafaransa waliibeba mwanzoni mwa karne ya 18 hadi kisiwa chao katika Bahari ya Hindi kilichoitwa Bourbon, ambacho leo ni Réunion. Hiyo nayo ikachukua jina la kisiwa. Halafu mapadre Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale wa Bagamoyo, wakaja na mbegu upande wetu. Walipanda Bura, kwa milima ya Taita, mwaka 1893. Ikifika 1899 wako Nairobi, wanaanzisha misheni ya St. Austin's, hapo ambapo leo tunaita Lavington. Walowezi wakachukua mbegu kwao, na kahawa hiyo ikajulikana tu kama French Mission.

Weka hiyo akilini, tutairudia.

Kitu kimoja cha biolojia, na naahidi ni kimoja. Ua la arabika hujichavusha lenyewe. Halihitaji mti jirani. Maana yake mtoto hufanana sana na mzazi, kwa hivyo ukipata mti mmoja mkali sana, unaweza kupanda mbegu zake na upate maelfu kama huo. Ubaya wake ni kwamba mti mmoja ukiwa na udhaifu fulani, hayo maelfu yote yako na udhaifu huo huo. Ndugu mmoja akishikwa, familia nzima imeshikwa.

Sasa tuingie mwaka 1931. Huo mwaka uliwamaliza walowezi wengi. Bei za dunia zilikuwa zimeporomoka tangu 1929, na ukame ulikuwa unawachapa. Shamba maarufu kuliko yote lililoanguka ni la Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong. Kampuni yake ya kahawa ilivunjika mwaka huo huo wa 1931, ardhi ikauzwa na kukatwa vipande vya nyumba, na ndio tukapata mtaa wa Karen. Watu hulia wakiangalia ile filamu, lakini ukiitazama kama mkulima ni stori rahisi: alipanda kahawa mahali pasipofaa kahawa. Palikuwa na baridi zaidi ya mahitaji na mvua chini ya mahitaji, na udongo haukumsaidia. Enyewe mahali ni kila kitu. Kilomita chache kutoka hapo, upande wa Kiambu, watu walikuwa wanavuna.

Mwaka huo huo ofisa wa kahawa wa serikali ya koloni, A.D. Trench, alitembea Tanganyika. Katika eneo ambalo kumbukumbu zinaliandika Moduli, na mimi nalisoma kama Monduli ile ya Arusha, akaona miti ya kahawa iliyosimama vizuri wakati wa ukame na haikuonekana kusumbuliwa sana na wadudu na magonjwa. Akachukua mbegu akazileta Kabete, kwa Scott Agricultural Laboratories. Hapo ni mahali pa utafiti pa serikali, palipopewa jina la daktari mmisionari wa Kanisa la Scotland. Hata leo kituo kipo, ni cha KALRO, ukipita Waiyaki Way umekipita.

Kati ya 1935 na 1939 watafiti wa Kabete walichagua miti 42, mmoja mmoja, kutoka sehemu tofauti. Waliangalia mavuno, ubora wa kikombe, uvumilivu wa ukame na magonjwa. Kila mti ukapewa herufi SL, za Scott Labs, na namba. Namba 28 ulikuwa mti mmoja kutoka kwa ile mbegu ya Tanganyika. Mmoja, wasee. Kila SL28 unayoiona Othaya, Kirinyaga, Gatundu, na siku hizi mpaka Costa Rica, ukoo wake unarudi kwa huo mti mmoja wa Kabete.

Na namba 34? Huo uliteuliwa kutoka shamba la Loresho, hapo hapo Kabete. Ndio, Loresho ya sahii yenye nyumba za ua mrefu na mbwa wakali. Walikuwa wameuandika kama French Mission, yaani ukoo wa Bourbon wa mapadre. Miaka mingi baadaye vipimo vya vinasaba vikaonyesha uko karibu zaidi na Typica. Yaani miongo kadhaa watu wameuita jina la baba asiye wake. Hiyo ni Kenya kabisa.

Kinachonifurahisha kuhusu SL28 ni kwamba ulitafutwa kwa sababu ya ukame. Hakuna mtu alienda Tanganyika akitafuta blackcurrant. Waliutaka mti usiokufa. Na kweli haufi. Unaweza kuutelekeza miaka na miaka, nyasi zikafika shingoni, halafu mtu aje aukate, aupogoe, auwekee mbolea, na unaanza kuzaa tena. Iko miti ya SL28 ya miaka 60 hadi 80 nchini ambayo bado inavunwa. Lakini ule ugumu wa ukame, ulipopelekwa mahali pa baridi na mvua mbili, ukaja na kitu kingine kabisa.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, juu watu wengi huzungumza kuhusu "nyanda za juu" kama maneno ya brosha.

Nyeri iko karibu na ikweta kiasi kwamba jua halina msimu. Brazili, ambayo ndiyo mfalme wa kahawa duniani, haiwezi kupanda juu sana kwa maeneo yake mengi kwa sababu inaganda. Mwezi wa Julai 1975 jalidi ilipiga jimbo la Paraná na kuua mamilioni ya miti, bei ikapanda dunia nzima, na wazee wetu wakatengeneza pesa za kujenga nyumba za mawe. Sisi huku unaweza kupanda kahawa mita 1,700 ama 1,800 juu ya bahari na isigande. Mchana kuna jua la ikweta, usiku unavaa sweta mbili. Huo usiku ndio mchawi. Baridi inafanya tunda likomae polepole. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi minane, tisa hivi, na muda wote huo mti unaendelea kusukuma sukari na asidi ndani ya buni. Buni inatoka ngumu, nzito, imebana. Chukua SL28 hiyo hiyo uipeleke mahali pa chini, pa joto: tunda linaiva haraka, buni inakuwa nyepesi, na kikombe kinakuwa kama mtu anayeongea bila hisia. Hakuna kosa, lakini hakuna stori.

Halafu udongo. Ile tope nyekundu inayoharibu viatu ukienda ushago inaitwa nitisoli. Ni majivu na mawe ya volkano yaliyooza kwa muda mrefu sana, na ni ya kina. Mizizi inaweza kushuka mita kadhaa bila kugonga mwamba. Inashika maji lakini haituamishi. Mti ambao ulichaguliwa kwa kuvumilia ukame, wenye mizizi ya kwenda chini, ukipewa udongo wa kushuka hivyo, hauna presha.

Na mvua ni mbili, ya Machi hadi Mei na ya Oktoba hadi Desemba. Kahawa hungoja. Machipukizi ya maua hukaa yamefungwa wakati wa kiangazi, mvua inanyesha, na baada ya kama siku nane hadi kumi shamba lote linakuwa jeupe na kunukia kama asmini. Inadumu siku chache tu. Mvua mbili ni maua mara mbili, na ndio maana mti mmoja unaweza kuwa na matunda mabichi, mekundu na maua kwa wakati mmoja. Kwa mashine hiyo ni shida. Kwa mkono wa mtu ni kazi ya kurudi kwa mti uleule tena na tena, kuchuma nyekundu pekee na kuacha kijani. Msimu mkuu Nyeri ni Oktoba hadi Desemba, ule mdogo ni katikati ya mwaka.

Kabete ilijua hii mambo ya mahali. Hawakutoa mti mmoja kwa nchi nzima. SL34 ilipendekezwa kwa sehemu za juu zenye mvua ya kutosha. SL28 kwa sehemu za kati hadi juu. Kwa maeneo ya chini yenye kutu ya majani kulikuwa na K7, ambayo ilitoka upande wa Muhoroni. Na ndugu mwingine, SL14, alipata maisha Uganda. Kwa hivyo hata wakati huo walijua mti na mlima vinachaguana.

Kuna mfano mwingine wa hii kitu, na unatoka karibu. Miaka hiyo hiyo ya 1930, mbegu za kahawa ya msituni ya Ethiopia zilipelekwa kituo cha Lyamungu, chini ya Kilimanjaro. Zilikaa. Mwaka 1953 zikatumwa Costa Rica, baadaye zikafika Panama, na huko pia zikakaa, watu wakazidharau juu mavuno yake ni kidogo. Mpaka mwaka 2004 shamba moja la Boquete, La Esmeralda, likaweka hiyo kahawa kivyake, kutoka sehemu zake za juu kabisa, kwa mashindano. Ikanunuliwa dola 21 kwa ratili, rekodi ya wakati huo. Hiyo ndiyo Geisha ambayo leo watu wanapiga nayo picha. Ilipita hapa kwetu Afrika Mashariki na haikusema kitu mpaka ilipopata mlima wake, na mtu wa kuionja kando na zingine.

Sasa sehemu chungu. Huu mti ulipochaguliwa Kabete kati ya 1935 na 1939, guka zetu hawakuruhusiwa kuupanda. Si ati hawakutaka. Sheria ya koloni ilihitaji leseni ya kupanda kahawa na Mwafrika hakupewa. Sababu walizotoa walowezi ziko kwa vitabu vyote vya historia: wenyeji wataeneza magonjwa, watashusha ubora, wataiba kahawa ya jirani mzungu na kusema ni yao. Sababu ambayo hawakuipigia kelele ni kwamba mtu mwenye kahawa yake hawezi kukubali kuchuma yako kwa mshahara wa kudhalilishwa. Walihitaji mikono. Katikati ya miaka ya 1930 serikali ikalegeza kidogo, Waafrika wakaanza kupanda Kisii, Meru na Embu, kwa masharti na kwa uangalizi. Angalia ramani hiyo. Ni mbali na mashamba ya wazungu ya Kiambu na Thika. Nyeri, ambayo leo jina lake linauza kikombe cha mia nne, ilingoja.

Iliyofungua mlango ni vita. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Watu wa Nyeri na Murang'a walikuwa wanasukumwa kwa vijiji vya kulazimishwa vyenye mitaro na walinzi, mashamba yanapimwa upya na kuunganishwa wenyewe wakiwa kizuizini. Na katikati ya hayo yote, mwaka 1954, ikaja Swynnerton Plan: Mwafrika apewe hati ya ardhi, apande mazao ya biashara, awe na kitu cha kupoteza ili asiende msituni. Kahawa ikapandwa kama dawa ya siasa. Kwa hivyo ukiona shamba la zamani la SL28 Nyeri, kuna uwezekano mkubwa lilipandwa na mtu ambaye mwaka mmoja alikuwa anachimba mtaro kwa amri na mwaka mwingine anachimba mashimo ya kahawa. Nafasi ilikuwa futi tisa kwa tisa. Ukienda upime leo, bado ni futi tisa kwa tisa.

Na hapo kuna kitu ambacho hakuna mtu alipanga. Mlowezi alikuwa na shamba kubwa, mara nyingi kwa tambarare za chini kidogo, Thika, Ruiru. Mkulima mdogo wa Nyeri alikuwa na mteremko, ekari moja ama mbili, juu zaidi, pabaya kwa trekta na pazuri kwa kahawa. Alikuwa na miti mia moja, mia mbili. Hiyo ni idadi ambayo mama na watoto wanaweza kuchuma kwa mkono na kuchagua. Na kwa kuwa hakuweza kununua mashine ya kumenya, sheria ilimlazimisha kuingia ushirika na kupeleka kahawa kwa kiwanda cha sosaiti. Walowezi walisema Mwafrika atashusha ubora. Miaka michache baadaye kahawa ya vyama vya ushirika ndiyo ilikuwa inashinda kwa bei mnadani Nairobi. Hiyo sehemu naipenda kushinda zote.

Kiwanda chenyewe kinastahili heshima yake, juu bila hicho SL28 ingekuwa tu na uwezo ambao haujatumika. Jioni wanawake wanafika na magunia mgongoni, wanamwaga kahawa chini, wanachagua tena: kijani kando, iliyokauka kando. Mashine inamenya. Buni inalala kwa tangi ichache usiku kucha mpaka ule utelezi uachie, inaoshwa kwa mfereji mrefu wa maji ya mto, ile nyepesi inaelea na kutengwa, ile nzito inazama. Mara nyingi inalowekwa tena kwa maji safi. Halafu inakauka kwa meza za waya kama wiki mbili, watu wakiigeuza kwa mikono na kuifunika jua likiwa kali na mvua ikija. Matunda yaliyokataliwa yanakaushwa na ganda lake na kuitwa mbuni, na bei ya mbuni ni ya kulia. Kazi yote hii inatoa ile asidi safi inayong'aa. Na kwa taarifa yako, AA kwa ubao wa mkahawa ni saizi ya buni tu, ile inayobaki kwa chekecheo cha karibu milimita 7.2. Haisemi chochote kuhusu ladha. SL28 huzaa buni kubwa, kwa hivyo hutoa AA nyingi, na ndio watu wakachanganya hayo mawili. Nimekunywa AB ikapiga AA vibaya sana.

Sasa turudi kwa ule udhaifu wa kifamilia. SL28 ilivumilia ukame lakini kuna ugonjwa ambao unaimaliza, unaitwa CBD. Hapana, si hiyo ya Tom Mboya Street. Huu ni wa matunda: doa jeusi linaingia tunda likiwa bado kijani, linalizamisha, linalikausha kwa mti. Kuvu yake inapenda baridi na unyevu. Umeona mtego? Baridi na unyevu wa mlima unaoleta ladha ndio huo unaoleta ugonjwa. Mwaka mbaya bila dawa unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mavuno. Dawa ni kupuliza shaba tena na tena, na dawa ni doo.

Baada ya mlipuko mkubwa wa mwaka 1968, watafiti wa Ruiru waliingia kazini, na mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11: fupi, inazaa mapema, inahimili CBD na kutu, na unaweza kubana miti 2,500 kwa hekta pale ambapo SL28 ingekaa kama 1,330. Wanunuzi wakalalamika kuhusu kikombe. Mwaka 2010 ikaja Batian, iliyopewa jina la kilele cha juu cha Mlima Kenya, ikirudishiwa damu zaidi ya SL. Hiyo ina kikombe kizuri, na mtu akikuambia Batian ni takataka, mfunge macho umpe vikombe viwili uone kama anajua kuvitofautisha.

Kati ya hizo mbegu mbili kuna kitu kilichoumiza wakulima kuliko ugonjwa wowote. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa mgawo wa kahawa ulivunjika na bei ikaanguka. Nyumbani, pesa za mkulima zilikuwa zinapita kwa mikono mingi kabla ya kumfikia, na kila mkono ulikuwa na njaa. Msimu wa 1987/88 nchi ilitoa karibu tani 130,000. Miaka ya hivi karibuni hatufikishi hata nusu. Kisheria kung'oa kahawa bila kibali lilikuwa kosa, kwa hivyo watu wakafanya ujanja: wakapanda maharagwe katikati, wakaacha kupuliza, wakaacha kupogoa, wakaigeuza kuwa kivuli cha ng'ombe. Kiambu wengine walipata njia ya haraka zaidi, wakauza ardhi. Tatu City imesimama juu ya mashamba ya kahawa. Kila Loresho ina zamu yake.

Cucu wangu yuko Mathira, na ana miti kama mia na themanini ya SL28 ambayo guka alipanda. Ananiita mume wake juu nina jina la guka, hizo ni mambo zetu. Nilimuuliza kama aliwahi kuonja kahawa yake. Akacheka. "Mũthuuri wakwa, hiyo ni ya kupeleka kiwandani. Sisi ni chai." Nikabeba begi la mia mbili na hamsini gramu kutoka Nairobi, ya sosaiti iliyo karibu na kwao, nikamtengenezea bila maziwa. Akanywa kidogo, akakunja uso, akasema ni chachu kama ndimu, kisha akauliza bei ya hilo begi. Nikamwambia. Akanyamaza, akaanza hesabu ya sauti ndogo. Kilo sita ama saba za matunda kutengeneza kilo moja ya buni safi. Akanirudishia kikombe.

"Na hiyo ingine inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu la sentensi moja. Usindikaji, usafiri, mkaangaji, kodi ya duka la Kilimani, sawa. Lakini hayo yote hayajazi hilo pengo, na yeye anajua kuhesabu kuniliko.

Kusema ukweli, misimu hii miwili mitatu mambo yamekuwa afadhali. Bei ya dunia imepanda, kuna vyama vimelipa zaidi ya shilingi mia kwa kilo ya matunda, na vijana wengine wa rika letu wamerudi kupogoa miti ambayo baba zao waliitelekeza. Na SL28, juu ni SL28, inaamka. Lakini bei hupanda na kushuka, na mjomba wangu hataki kungoja ishuke. Anataka avokado kwa nusu ya shamba. Nusu ingine, Batian.

Mimi natengeneza video za kahawa, kwa hivyo ungetarajia nimwambie hapana, tunza urithi, hiyo ni ladha ya dunia. Sitasema. Mtu anayenunua kikombe cha mia nne hachangii pesa ya shaba. Kama wanunuzi wanataka SL28 ya mita 1,800 iendelee kuwepo, walipie SL28 kivyake, kwa jina lake, na nyongeza ifike kwa mwenye shamba. Sahii mzigo wa kiwanda unachanganywa: SL28, SL34, Ruiru 11, Batian, zote zinamenywa kwa mashine moja na kulipwa bei moja. Mwenye mti unaougua analipwa sawa na mwenye mti usiougua. Katika mpangilio huo, kubaki na SL28 ni mapenzi tu, na mapenzi hayalipi fundi wa kupuliza. Panama waliitenga Geisha kwanza ndipo wakajua wana nini. Sisi tunayo tangu kabla ya vita vya pili vya dunia, na bado tunaimwaga kwa tangi moja na zingine.

Mjomba ameshaanza na miti arobaini. Hakuing'oa. Fundi alikuja akakata shina la zamani chini, akaacha chipukizi, akabandika juu yake kijiti cha Batian na kukifunga kwa plastiki. Watafiti wenyewe wanashauri hivyo, mizizi ya SL28 inashuka kina na inajua ukame. Kwa hivyo juu ni Batian na chini bado ni guka. Shida ni kwamba shina la zamani halijakubali. Kila baada ya wiki kadhaa linatoa machipukizi mapya chini ya kiungo, yenye ncha za majani ya rangi ya shaba, na lazima mtu apite ayakonyoe. Nikienda likizo, hiyo kazi ni yangu.